Utaratibu wa Ukimya

Siku dada yangu Nelida alipotetea tasnifu yake ya uhusiano wa kimataifa, mimi na mama tulisimama nje ya mlango na mfuko wa karatasi za rangi zilizokatwa vipande vidogovidogo. Akifaulu, tungemmwagia kichwani. Akifeli, tungerudi na mfuko wetu. Niliomba afaulu kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni dada yangu. Ya pili sikumwambia mtu: akimaliza yeye, zamu ni yangu.

Niliacha shule darasa la tano, mwaka goti la mama lilipoharibika. Tunauza api, kile kinywaji kizito cha mahindi ya zambarau, na maandazi ya jibini, pale sokoni Ceja, El Alto, mji ulio mlimani juu ya La Paz. Tunauza asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Mama akimimina, lazima awepo mwingine wa kukaanga. Nelida alikuwa ameshapata nafasi chuo kikuu, kule chini La Paz. Alinishika mkono akasema, "Hila, mdogo wangu, nivumilie. Nikimaliza, nitashika karai mimi, wewe urudi shule." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na tisa.

Shule ya watu wazima iko ng'ambo ya barabara. Taa zake zinawashwa saa kumi na mbili kasorobo, wakati foleni yetu ni ndefu kuliko zote. Kutoka kwenye karai naona migongo ya wanafunzi dirishani, na wakati mwingine mkono ukinyooshwa juu. Nimeunguza maandazi mengi kwa ajili ya ule mkono.

Nilichojifunza miaka hiyo nilikipata kwa Nelida. Mitihani ikikaribia, nilimshikia daftari nikimwuliza maswali, nikisoma polepole, kidole chini ya neno. Mikataba, mabalozi, mipaka. Nusu sikuielewa, lakini niliipenda ilivyotamkika. Siku moja, tukikanda unga, alinieleza utaratibu wa ukimya. Kuna wakati mataifa yakitaka kukubaliana jambo hayaitani mkutanoni. Waraka unasambazwa na saa inatajwa. Saa ikifika na hakuna aliyesema kitu, wote wamekubali.

"Na anayekataa?"

"Anaandika barua kabla ya saa. Wanasema amevunja ukimya."

"Na kama ni nchi yenye haya?"

Alicheka mpaka unga ukamwingia puani. "Mama, msikie huyu! Hila, nchi hazina haya. Zina masilahi."

"Ipo moja," mama akasema. "Imekaa hapo inakanda."

Basi, Nelida alifaulu. Tulimmwagia karatasi zote, nyingine zikamwingia mdomoni alipokuwa anatushukuru. Nyumbani tulikula nyama ya kondoo na viazi vilivyokaushwa kwa baridi. Nilikuwa nimeanza kuhesabu moyoni: kesho Ijumaa, Jumatatu najiandikisha.

Nelida akafuta mikono, akatoa barua. Chuo kimoja cha Brasilia kilikuwa kimemkubali kwa shahada ya pili. Miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Jibu lilitakiwa kesho yake saa sita mchana.

Mama alilia kwa furaha, kisha akauliza kama huko kuna baridi.

"Basi tutumie utaratibu wa ukimya," Nelida akasema akicheka. "Mwenye neno aseme kabla ya saa sita kesho. Asiyesema, amekubali."

Alimtazama mama aliposema hivyo. Mimi hakunitazama. Nikainuka kukusanya sahani.

Alinifuata kwenye beseni. "Hila, miaka miwili tu. Itapita kama upepo. Nikirudi nitakuwa na kazi ya maana, hutakaanga tena hata andazi moja."

Nilisugua sufuria.

"Huna neno?"

"Hii imeganda," nikasema.

Aliniwekea mkono begani, akaondoka.

Asubuhi ya Ijumaa alikuja Don Fermin, fundi matairi, ambaye hanywi api kwingine.

"Kasera," akaniita, kama wanunuzi wote wanavyotuita sisi wauzaji wao, "mbona macho mekundu?"

"Moshi."

"Jiko la gesi limeanza lini kutoa moshi? Haya, niongezee kidogo, mimi nimekuchekesha."

"Sijacheka."

"Ndiyo maana nataka fidia."

Nilimwongezea. Tangu niamke nilikuwa na sentensi moja mdomoni, na kila nilipotaka kuisema niligeuza andazi. Hata sikujua ni hasira au ni hamu. Nilitaka dada yangu aione Brasilia. Niliwahi kumwona ameshika ramani ya huko, akipitisha kidole barabarani kana kwamba anatembea. Nilitaka pia kunyoosha ule mkono dirishani. Vitu viwili, na karai moja.

Saa tano na nusu Nelida alikuja kibandani na jibu lake lililoandikwa vizuri. Alimsomea mama. Lilikuwa na shukrani nyingi na neno "nakubali". Akala andazi, akajipangusa, akainuka aende kwenye duka la kompyuta kulituma.

"Navunja," nikasema.

"Umevunja nini?" mama akauliza, akitazama glasi.

"Ukimya. Navunja ukimya."

Nelida alisimama na mfuko wake begani. "Sasa hivi? Haijabaki hata nusu saa, Hila!"

"Saa umeitaja wewe."

"Ni Brasilia!"

"Najua. Na kwangu ni darasa la sita."

Don Fermin alitaka kucheka, akaona nyuso zetu, akainamia glasi yake.

"Kwa nini hukusema jana? Nilikuuliza, Hila. Nilikuja mpaka kwenye beseni nikakuuliza!"

"Uliniuliza umeshaamua." Niliweka kijiko chini. "Nenda kama unaenda, sikufungi. Lakini usiende ukisema nilikubali. Sikukubali. Nilinyamaza tu."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya wateja. Mafuta yalikuwa yanaunguza maandazi matatu na hakuna aliyeyageuza. Nelida alinitazama muda mrefu, usoni hasa, kama mtu anayesoma kitu alichokuwa amekipitia harakaharaka. Kisha aliikunja ile barua akaondoka mbio.

Alirudi saa sita imepita. Alichukua aproni ya mama msumarini akajifunga.

"Nimewaomba wanishikie nafasi mwaka mmoja."

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Ndiyo kwanza nimetuma. Labda watashika. Labda watampa mwingine." Akanigeukia. "Haya, niambie mafuta yanatakiwa yawe moto kiasi gani. Usinitazame hivyo, nitalia humu karaini wateja waseme chumvi imezidi."

Sasa ni wiki ya nne. Nina daftari, nina kiti, na nimeshanyoosha mkono mara mbili. Jibu la Brasilia halijaja. Kila siku Nelida huenda duka la kompyuta, hurudi, hujifunga aproni, huanza kukaanga. Nami najikuta nikiingoja ile barua kuliko nilivyoingoja shule.

Jana nilimwambia, "Dada, kama bado kuna njia ya wewe kwenda, nitaacha shule."

"Thubutu!" akasema. "Ondoka, utachelewa. Leo si mna hesabu za sehemu?"

"Tuna sehemu."

"Basi nenda."

Nilichukua daftari langu. Nilipofika ng'ambo nikageuka. Nelida alikuwa amesimama na kijiko hewani, anatazama juu ya vichwa vya watu, mbali sana, na mbele yake mteja ameshika glasi tupu, anamngoja.