Nani Kachemsha Shangazi?

Mtafiti aliikuta friza imezimwa, mlango wazi, rafu ya tatu tupu. Mtungi wa mvuke wa kuchemshia taka za maabara ulikuwa bado wa moto.

"Nani kachemsha Shangazi?" alifoka.

Shangazi alikuwa bakteria. Miaka saba iliyopita mtafiti alimtoa kwenye udongo wa shamba la shangazi yake mwenyewe, kona pekee ambako maharage hayakunyauka. Maabara nzima ilizoea kuwaita vijidudu wao kwa majina ya kindugu: Mjomba, Wifi, Babu Mvivu aliyekataa kuota mpaka abembelezwe. Namba rasmi? Wiki ijayo, walisema kila mwaka.

Kisha kampuni yao ikanunuliwa na wageni, na wageni walikuja na orodha ya namba tu.

Ofisini, mkurugenzi, aliyesoma naye darasa moja, hakuinua macho. "Dada, agizo ni la makao makuu. Kisicho na namba kichemshwe. Utafiti unahamia kwao."

"Kwao wanauza dawa ya mnyauko ya kupuliza kila wiki! Shangazi tulimpaka kwenye mbegu mara moja, basi. Unadhani walinunua nini hapa, viti? Wametununua ili tukome!"

"Punguza sauti. Kwenye orodha hayumo. Kwa hiyo hakuwahi kuwepo."

Miaka saba! Mtafiti alitaka kumtupia kiti. Badala yake akamsukumia karatasi.

"Niandikie hivyo. Kwamba hayumo katika mali waliyonunua. Na muhuri."

"Ili iweje?"

"Ili nikuondokee."

Mkurugenzi akaandika upesi, akagonga muhuri, akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

Kwenye ngazi za nje, karatasi mkononi, mtafiti alimpigia shangazi, yule wa damu na nyama.

"Shikamoo, shangazi. Ile kona ya maharage bado ipo?"

"Marahaba. Iende wapi, ina miguu? Mbona unahema kama umekimbizwa na mbwa?"

"Wamemchemsha Shangazi, yule mdudu wa jina lako; kazi yangu yote imeteketea. Usiiguse hiyo kona. Nakuja na koleo."

"Miaka saba mingine, mwanangu?"

"Hata kumi. Ila sasa namba naandika siku ya kwanza, na kwa jina letu; nina muhuri wao kwamba si mali yao."

"Na mimi je? Jina langu nalo limefutwa?"

Mtafiti akacheka huku machozi yakimtoka. "Wewe? Thubutu!"