Kamba ya Kugawa Wakfu

Kanzu aliyoivaa Abibu siku ya kugawa wakfu ilipigwa pasi na mtu ambaye Abibu alikusudia kumdhulumu siku hiyo hiyo. Zabibu aliamka mapema, akatia makaa kwenye pasi, akainyoosha kanzu mpaka kwenye pindo, kisha akaileta mlangoni ameishika kwa vidole viwili isije ikachafuka.

"Bwana Abibu, kanzu yako njo hii."

Abibu aliipokea bila kumtazama. Siku zile alikuwa amejifunza kusema na Zabibu huku macho yake yakiwa kwingine: kwenye paa, kwa kuku, kwenye moshi wa kiwanda cha shaba, popote pale ila usoni pake.

Basi tuseme mambo yalivyokuwa, na Abibu tusimpambe. Baba yake, Mzee Asumani, alitoka Kasongo huko Maniema wakati reli ilikuwa bado kitu kipya mjini Elisabethville. Aliuza nguo, akauza na samaki wakavu wa Kasenga, akapata kiwanja katika mtaa wa Waafrika na kukijengea vyumba vya matofali ya kuchoma. Alipoona uzee umemkalia, na akakumbuka jinsi watoto wa rafiki zake walivyouza paa la baba yao kabla matanga hayajaanuliwa, aliita mashahidi. Akasema kiwanja kile na vyumba vyake ni wakfu kwa watoto wake wote na watoto wao. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu. Msimamizi awe Abibu. Mwalimu Bushiri wa msikitini alikuwepo, akasikia kwa masikio yake.

Mzee akafa. Akaacha nyumba mbili ndani ya lango moja: upande huu Abibu na wadogo zake, watoto wa Bi Sofia, upande ule Amuri na wadogo zake, watoto wa mke wa pili, ambaye naye alikuwa amekwisha kufariki. Kisima kimoja, choo kimoja, lango moja. Mke wa Amuri akianika unga wa muhogo, kuku wa Bi Sofia wanakuja kuuonja. Bi Sofia akilala mchana, watoto wa Amuri wanaona huo ndio wakati mzuri wa kupiga madebe. Mwaka ule baada ya vita vya Wazungu kwisha, Amuri alisema yamemfika shingoni. Wakfu ugawanywe uwe wakfu mbili, kila nyumba na kiwanja chake na msimamizi wake.

Sasa sikieni habari ya Zabibu. Kabla Mzee Asumani hajaoa mke yeyote, katika safari zake za upande wa Luapula alirudi na mwanamke aliyeitwa Ngosa. Hakumwoa. Zamani zile watu walitekwa na kununuliwa, na Ngosa alikuwa mmoja wao. Alizaa mtoto wa kike, akamlea jikoni, akafia jikoni. Mtoto huyo ndiye Zabibu. Alimzidi Abibu umri wa kutosha kumbeba mgongoni, na kweli alimbeba. Alifulia wote, alipikia wote, akalala katika kibanda cha jiko katikati ya kiwanja, na majirani walimjua kama mtumishi aliyezeekea kazini. Baba hakumwita mwanangu mbele za watu. Lakini kitandani, pumzi zikimwishia, alimshika Abibu mkono na kumwambia, "Zabibu ni damu yangu. Nilisema watoto wangu wote. Usimuache inje." Abibu akasema ndiyo, baba.

Akasema ndiyo! Na Mwalimu Bushiri alipokuja kupanga ule mgao, wakaketi barazani na birika la chai, Mwalimu aliuliza swali la wazi kabisa. Alieleza kwamba wakfu haukatwi kama mkate. Makusudio ya aliyeuweka lazima yabaki yale yale. Kila kipande lazima kiweze kusimama chenyewe, chenye njia ya kutokea na maji ya kunywa, kisiwe kipande kimoja kinyonye kingine. Na zaidi ya yote, asiachwe mwenye haki hata mmoja, maana akiachwa mmoja, mgao mzima umekufa, hata kama ukuta umekwisha kujengwa.

"Abibu, wewe njo musimamizi," Mwalimu alisema. "Batoto ya muzee ni bale tunajua? Hakuna mwingine?"

Zabibu alikuwa amekuja kuongeza maji ya moto. Aliwaza uchumba wa binti yake, na wale wakwe wapya wenye majivuno yao, watasema nini wakisikia habari za Ngosa. Aliwaza mama yake, Bi Sofia, aliyemwambia jana yake, "Ukifungua ile mudomo, mutanizika." Hayo yalikuwa mawazo ya heshima, ya kumwambia mtu. Lakini chini yake kulikuwa na wazo jingine, dogo na chafu, na ndilo lililomfunga kinywa. Kiwanja kikigawanywa viwili, baraza inayotazama barabara inabaki kwake. Kikigawanywa vitatu, baraza inaingia kwenye kipande cha tatu. Na barazani ndipo ilipokuwa cherehani yake, ndipo wateja walipomwona, ndipo alipokuwa fundi Abibu na siyo mtu tu.

"Hakuna mwingine, Mwalimu."

Zabibu alimimina maji, akafunika birika, akaondoka. Abibu alijituliza kwamba hajui kitu. Mtu akijua kitu kama hicho atanyamaza vipi miaka yote?

Ikafika siku yenyewe. Majirani walikuja, wengine kushuhudia na wengine kwa umbea, maana mgao wa watu ni tamasha lisilo na kiingilio. Amuri alichonga vigingi. Mwalimu Bushiri alikuja na kamba ya katani mpya, na kabla ya kuifungua alisimama katikati ya kiwanja akasema utaratibu.

"Kamba hii itakamatwa na benye haki tu. Mutu mwingine hapana kuigusa, kusudi kesho mutu asiseme ni mugeni alimukatia. Na mwenye kukata hatachagua. Abibu atakata, Amuri atachagua."

Abibu aliitika. Mchoro alikwisha kuupanga kichwani kwa ujanja wa fundi: upande usio na baraza aliupa kisima na vyumba vyenye mabati mazuri, akijua Amuri ni mtu wa mabati na maji. Alishika ncha moja ya kamba pale langoni. Wadogo zake walikuwa kazini mgodini, wa Amuri wanashikilia vigingi. Ncha ya pili ikabaki chini, ukutani mwa choo. Amuri, nyundo mkononi na agizo la Mwalimu limekwisha kumtoka kichwani, akatazama huku na huku, akamwona Zabibu amesimama mlangoni pa kibanda chake na sinia la vikombe.

"Zabibu! Kuya ukamate huku."

Zabibu aliweka sinia chini. Alikuja taratibu akijifuta mikono kwenye kitenge, akasimama juu ya ile ncha. Hakuiokota. Alimtazama Abibu, na safari hii Abibu hakupata mahali pa kupeleka macho.

"Bwana Abibu," alisema, "mi naweza kukamata?"

Majirani walicheka kwa upole. Walisikia adabu ya mtumishi mzuri, amesikia utaratibu wa Mwalimu na hataki kuuvunja. Hata Amuri alicheka. Abibu peke yake ndiye aliyesikia kilichoulizwa. Anajua. Alijua siku zote. Alijua alipokuwa anamimina chai, alijua alipokuwa anapiga pasi kanzu hii, na sasa amekuja kuniuliza mbele ya watu, kwa sauti ya chini, apate kuniachia nafasi. Angeweza kusema neno moja tu.

"Acha," alisema. "Acha, Zabibu. Nitaifunga kwenye kigingi."

"Sawa, bwana."

Akarudi kuchukua sinia lake. Abibu akaja mwenyewe, akapiga magoti na kanzu yake iliyonyooshwa, akafunga ile ncha. Vidole vya fundi vinavyotia uzi kwenye sindano bila kutazama vilishindwa kufunga fundo. Aliona aibu ya kumfanya mtu atamani ardhi imfunike, na ardhi ilikuwa hapo hapo chini ya magoti yake, nyekundu, imekauka, haina nia hiyo.

Kamba ilipokazwa ilipita juu ya kibanda cha jiko. Amuri alikitazama kibanda hicho kama mtu anayetazama kichuguu. "Bon. Hii itavunjwa. Ukuta utapita hapa."

"Nani analala mule?" aliuliza Mwalimu.

"Mutumishi tu," alisema Amuri. "Atatafuta nafasi."

Amuri hakusema kwa ubaya. Alizaliwa akakuta mambo hivyo, na hakuna aliyemwambia. Abibu alisubiri mtu aseme kitu, kisha akakumbuka kwamba anayesubiriwa ni yeye. Bi Sofia, kwenye kiti chake kivulini, alimkazia macho.

Zabibu hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliingia kibandani, akatoa mkeka akauegemeza ukutani. Akatoa sufuria. Akatoa kigoda cha Ngosa, mama yake, chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Akatoka na birika limejaa, mvuke unafuka, akasimama nalo katikati ya kiwanja hajui aliweke wapi, maana jiko lilikuwa linakwenda kuvunjwa na wageni walikuwa hawajanywa.

"Bwana Abibu," aliuliza, "chai ya bageni nitaweka upande ya nani?"

Hapo ndipo Abibu alipovunjika. Wala hakuvunjika kishujaa. Alianza kulia kwanza, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya majirani na mbele ya Amuri, na maneno yakatoka yamechanganyika na kamasi.

"Ni dada yetu. Mwalimu, ni dada yetu, ni mukubwa yetu. Baba moja. Muzee aliniambia na mi nilijua. Uliniuliza nikakuambia hakuna."

Majirani wakageuka kumtazama Zabibu. Kisha Amuri akawaka. Alimwita Abibu mwongo, akamwita mwizi, akauliza ni miaka mingapi amemtuma dada yake kumfulia soksi na kumwita kwa kupiga vidole, na hapo akakumbuka soksi zake mwenyewe, akaketi juu ya rundo la vigingi akafunika uso. Bi Sofia alinyanyuka na kuingia ndani. Mlango aliufunga polepole, jambo lililomuuma Abibu kuliko kama angeubamiza.

Mwalimu Bushiri alikwenda akang'oa kigingi cha langoni kwa mkono wake.

"Hii mugao imekufa," alisema. "Tutakata tatu. Na wewe, Abibu, musimamizi anayeficha mwenye haki haiko musimamizi tena. Utakata, maana kiwanja unakijua, lakini hautasimamia. Mukubwa atachagua wa kwanza." Alimgeukia Zabibu, na akainamisha kichwa kidogo. "Mama, unisamehe. Nilikunywa chai yako na sikukuuliza."

Abibu alikata vitatu. Alikata kwa haki, kisima kikawa cha wote watatu, kila kipande kikawa na njia yake, na kila alipokaza kamba alijua kwamba angeweza kukata hivi tangu mwanzo. Moyoni alimwombea Zabibu achague kwa hasira, au achague kwa huruma, lolote ambalo lingemfanya Abibu ajisikie amelipa.

Zabibu aliweka birika chini. Alitembea kiwanja chote bila haraka, akapita penye mabati mazuri, akapita mahali pa kibanda chake, akapanda barazani. Alisimama karibu na cherehani akatazama barabara, watu wanaopita, baiskeli.

"Upande huu," alisema.

Amuri akachagua penye mabati, Abibu akapata kilichobaki. Abibu aliitazama cherehani yake, akaitazama ile barabara aliyokuwa akiitazama tangu ujana wake. Zabibu akashuka, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani mwa choo, akainama na kufungua lile fundo baya alilolifunga Abibu. Akaizungushia kamba mkononi. Mpaka kati yake na Abibu ulitakiwa unyooshwe, na wa kuushika walikuwa wao wawili.

Abibu akashika ncha yake. Alitaka kusema, na jina alilozoea kumwita tangu utotoni, kavu hivyo hivyo, aliliona halifai tena.

"Yaya," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. "Yaya, ninakuomba nafasi ya mashini pa barza. Kidogo tu."

Zabibu alikuwa amefumba jicho moja, anaangalia kama mstari umenyooka.

"Vuta kwanza, Abibu," alisema. "Upande yako inalegea."

Akavuta.