Chujio la Mjomba

Mjomba wangu, ambaye ofisini ninapaswa kumwita Mkuu, alibakiwa na msimu mmoja wa baridi kabla ya kustaafu, na alichotaka ni kimoja tu: kuliona duara likipasuka.

Duara lenyewe ni upepo unaozunguka juu kabisa ya ncha ya dunia wakati wa baridi, ukiifungia ndani hewa ya barafu. Setilaiti yetu hupita juu yake ikipima joto na gesi, nasi tunachora ramani. Kuna miaka duara hilo hupasuka, na hewa ya huko juu hupata joto ghafla. Vituo vingine vilishatangaza kuliona likipasuka. Mjomba alisema vyombo vyao vinaota ndoto za mchana. Chetu hakijawahi kuona kitu, na kwake huo ndio ulikuwa uaminifu.

Msimu huu ramani zilitulia mno. Nililinganisha za wiki mbili mfululizo, zikafanana kama sahani za seti moja. Hewa haina tabia hiyo. Nikafungua vipimo vibichi, kabla havijapita kwenye chujio, programu aliyoiandika mjomba mwenyewe enzi za ujana wake. Chujio hilo hutupa kipimo chochote kilichokwenda mbali na wastani wa miaka iliyopita, likidhani chombo kimekosea, kisha huziba pengo kwa wastani uleule. Duara lilikuwa limepasuka vipande viwili. Chujio lilikuwa limelishona.

Nilishinda asubuhi nzima roho juu. Yeye ndiye aliyenishika mkono kunileta kazini, na sikutaka kumuumbua. Mwishowe niliingia ofisini kwake, nikafunga mlango.

“Mjomba,” nikasema, na kwa neno hilo tu akajua kuna jambo.

Nilimweleza. Nilitegemea atawaka. Badala yake alivua miwani, akaifuta, akaniagiza niichore upya misimu yote ya nyuma bila chujio. Kompyuta ilihangaika hadi alasiri, naye hakutoka hata kwenda kula.

“Limepasuka mara ngapi?”

“Mara tisa, mjomba.”

Alitikisa kichwa taratibu. “Na mara zote nilikuwa kazini. Nimekaa hapahapa.”

Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumtazama. Yeye akavuta kiti cha wageni, akakiweka karibu na chake.

“Kaa,” akasema. “Nionyeshe zote tisa. Anzia ya kwanza.”