Zamu ya Chumvi

Kwenye meli ile ya utafiti, chupa za maji zikishapandishwa kutoka chini ya barafu, hakuna anayechota kabla ya mzee Eilert. Yeye ndiye mpimaji wa oksijeni, na chupa ikishafunguliwa tu, hewa ya nje huingia na kipimo chake kinakuwa uongo. Chumvi haina haraka. Ndiyo maana Sølvi, mwenye kazi ya chumvi, husimama mwisho kabisa, vidole vikimfa ganzi.

Siku ile zamu yake ya simu ya setilaiti iligongana na kupandishwa kwa chupa. Bintiye Iben, aliyebaki mjini Tromsø na baba yake, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Eilert alikuwa anahangaika na glavu, amezipa chupa mgongo. Sølvi akafungua ile iliyotoka chini kabisa, karibu na tope, akajaza kichupa chake, akaifunga, akakimbilia simu.

Kesho yake mezani Gaute, kiongozi wa safari, alikuwa akikata jibini ya kahawia.

"Mzee Eilert, maji yako ya chini yana oksijeni kama yametekwa kwenye maporomoko ya mto! Uliipulizia chupa, au?"

Watu wakaangua kicheko. Sølvi naye akacheka. Alijisikia akicheka, akatamani sakafu ya meli ipasuke immeze.

Eilert akaitazama mikono yake. "Itakuwa hii. Tangu masika inatetemeka. Kiangazi kijacho tafuta kijana, Gaute. Mimi basi."

Sølvi alimkuta maabara, anajaza chupa maji ya bomba, anamwaga, anajaza tena, kama mwanafunzi anayeogopa mtihani.

"Mzee, si mikono yako. Ni mimi. Nilichota kabla yako."

"Kwa nini?"

"Zamu yangu ya simu. Mtoto."

"Hilo naelewa." Akaiweka chupa chini. "Na pale mezani, ulikuwa unacheka nini?"

Uso wa Sølvi ukawaka mpaka masikioni.

"Basi usinieleze mimi. Nenda kawaambie uliocheka nao."

Jioni akasimama, supu ya samaki ikimpolea, akasema yote. Safari hii hakucheka mtu. Gaute akaweka kijiko.

"Pale tulipochota hatuwezi kurudi, Sølvi. Barafu imeshaziba."

"Najua."

"Na mimi nimemtania mzee bure." Akamgeukia Eilert bila kumtazama machoni. "Kiangazi kijacho nafasi ni yako, ukiitaka."

"Tutaona," Eilert akasema, akaendelea kula.

Chupa zilipopanda tena, theluji ilikuwa inaanguka. Eilert akachota taratibu, wengine wakafuata, wakaingia ndani kwenye joto mmoja mmoja. Sølvi akabaki na chumvi yake. Alipoinua macho alimwona mzee bado amesimama pale.

"Na mtoto alisemaje siku ile?"

"Alikuwa amelala."

Eilert akashusha pumzi ndefu. Kisha akamshikia kichupa, maana vidole vya Sølvi vilikuwa vimegoma kukunjika. Mikono ya mzee ilitetemeka kweli, ila haikumwaga hata tone.