Jinzi Iliyotoka Msumarini

Mimi si mtu wa kusema watu. Lakini mama mkwe wangu acha nimseme kidogo, maana naye amenisema vya kutosha, tena mbele ya wageni.

Tunaishi nyumbani kwake. Sebule ni yake, makochi ni yake, na kile kiti cha pembeni karibu na dirisha ndiyo usiseme. Hata mume wangu, mwanawe wa kwanza, hathubutu kukikalia. Vile vitambaa vyeupe vilivyotandikwa juu yake amevifuma kwa mkono wake, na ukivigusa tu utasikia, "We, mikono umenawa?" Sasa mimi nikaja na cherehani zangu mbili, zile za vichwa vizito, nikaziweka hapo hapo sebuleni upande wa mlango. Tangu siku hiyo amani ikafungasha virago.

Nashona jinzi. Sizungumzii kupunguza viuno vya zile za mitumba, la. Nashona mwenyewe, kuanzia mstari wa chaki hadi kifungo, kwa kitambaa kinachofumwa kiwandani hapa hapa nchini. Kitambaa hicho kikiwa kipya ni kigumu kama ubao. Suruali ukishaimaliza unaweza kuisimamisha sakafuni ikasimama yenyewe, inakungoja. Na pale mishono mingi inapokutana, katikati ya miguu, panakuwa pazito hadi sindano inagoma. Hapo ndipo ninaposhika nyundo. Naweka mshono juu ya kipande cha chuma, naugonga mpaka unalainika, halafu napitisha uzi wa rangi ya chungwa, mistari miwili, sawia, bila kuyumba. Shughuli pevu hiyo, usione watu wanapita nazo mitaani.

"Nyumba imekuwa gereji," mama mkwe anasema kila nikishika nyundo. Na jinzi zenyewe hataki hata kuziona. "Nguo za wahuni. Mwanamke mwenye heshima zake ajibane mapaja hadharani, kwa lipi hasa?"

Mimi? Naongeza kasi ya nyundo.

Siku moja akamwambia mwanawe kwamba anataka sebule yake. Mume wangu kwa mama yake ametulia kama maji mtungini, kwa hiyo nilijua ameshaniuza. Lakini akajitahidi, maskini, akatafuta njia ya katikati. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka kubwa la nguo, alikuwa amesikia habari za jinzi zangu, na alikuwa ameahidi kuja kuziona Jumamosi. Basi shauri likakatwa hivi: mwenye duka akizichukua, mashine zinabaki. Akizikataa, mashine zinatoka, na mimi nirudi kukunja pindo za suruali za watu kwenye baraza la jirani. Nikasema sawa. Ningefanyaje? Nikaenda jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Mwenye duka alinipigia simu kabla. "Za wanaume najua ni nzuri, nimemwona mteja kavaa," akasema. "Mimi nataka kuona ya mama mwenye mwili wake. Wateja wangu wananililia. Hizi zinazotoka nje zimekatiwa wasichana wembamba. Mama akiivaa inambana nyonga, kiunoni inaachia, akiinama tu kila kitu nje. Nishonee hiyo. Nikiikubali hiyo, nachukua zote."

Mama mwenye mwili wake. Nikageuza shingo taratibu, nikatazama kile kiti cha pembeni.

Sasa nimwambie nini? "Mama, hebu simama nikupime jinzi"? Angenitoa na mashine zangu kabla ya kumaliza sentensi. Nikangoja siku ya kupiga pasi, nikatandaza gauni lake mezani, nikalipima. Lakini magauni ya mama mkwe ni mahema, jamani, hayasemi ukweli. Mengine yote niliyapima kwa macho: anapoinama kuokota kitambaa, anapoinuka kitini huku akinishutumu. Nyuma nikaipandisha juu ili akiinama isimwaibishe. Nyonga nikazipa mzunguko wake, kiuno nikakiingiza ndani, miguu nikaifupisha. Na nilikuwa nacheka peke yangu, kama mtoto anayemchora mwalimu wake. Ilipokwisha nikaigongea vile vifungo vidogo vya shaba kwenye pembe za mifuko, nikaitundika msumarini. Ilikuwa nzuri. Sijisifu. Basi, najisifu. Ilikuwa buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, na ule uzi wa chungwa unawaka juu yake.

Asubuhi nikaamka, msumari mtupu.

Nilianza na shemeji, mdogo wake mume wangu, kwa sababu huyo huazima hata soksi za watu. Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, hebu niangalie nilivyo. Ile suruali mimi nikiingia mguu mmoja, mwingine unabaki wa kupangisha."

"Ndiyo faida ya kugeuza nyumba soko," mama mkwe akadakia kutoka kitini. "Watu wanaingia, watu wanatoka. Imeibwa hiyo. Sahau."

Na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Mzigo mwingine kutoka kiwandani ungefika wiki iliyofuata. Nilijiona niko kwenye baraza la jirani, nimekunja pindo la suruali ya mtu, na mtu mwenyewe amesimama na taulo kiunoni anasubiri.

Alhamisi nilikuwa nafagia sebule, nikafika kwenye kile kiti. Mwenyewe alikuwa bado chumbani. Juu ya kitambaa cheupe palikuwa na doa la buluu. Lilikuwa pana, limegawanyika sehemu mbili, moja huku na moja huku.

Kitambaa cha jinzi kikiwa hakijafuliwa hutoa rangi. Mimi vidole vyangu ni vya buluu mwaka mzima. Ukikaa na jinzi mpya kwenye kitu cheupe, umekwisha kuweka sahihi. Na kile kiti nimeshakwambia anakikalia nani.

"Haiwezekani," nikasema. Halafu nikacheka mpaka nikashikilia ufagio nisianguke.

Mara akatoka. Gauni lilikuwa limeshuka hadi kwenye vidole vya miguu, na kila akipiga hatua kitu kinalia ndani yake, kwachu, kwachu. Akaniona ninavyolitazama doa.

"Unaona?" akafoka. "Vumbi la hizo jinzi zako linaruka mpaka kwenye kiti changu!"

"Pole, Mama. Tena limeruka likatua kwa mpangilio."

"Unasemaje?"

"Nasema huyo mwizi naye ananitia huruma. Jinzi mpya asipoigeuza ndani nje akailoweka kwenye maji baridi yenye chumvi nyingi, itampaka rangi hadi mapajani. Na kuitoa hiyo rangi mwilini si mchezo."

"Mimi yananihusu nini?"

"Hayakuhusu, Mama. Nazungumza na ufagio."

Mchana nikaingia jikoni kupika. Kopo la chumvi, tupu. Nikapika mboga zisizo na chumvi, na mama mkwe akazila zote bila kulalamika, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Lakini kicheko hicho hakikufika mbali. Chumba cha mama mkwe hakiingiliki. Kumuuliza usoni nako ni kumvua nguo mtu mzima mbele ya watoto wake. Nilichobaki nacho ni kungoja airudishe mwenyewe kimya kimya, nijifanye sikuona. Ijumaa ikapita. Kila nikiingia sebuleni naangalia msumari, na msumari nao unaniangalia.

Jumamosi mwenye duka akafika. Mama mfupi, miwani imening'inia kifuani, hana porojo. Mume wangu alikuwa nje akijifanya anatengeneza baiskeli isiyo na tatizo lolote. Mama mkwe alikuwa kitini kwake, gauni limefunika kila kitu, mikono mapajani, anatazama dirishani.

Mwenye duka akazigeuza jinzi za wanaume moja moja ndani nje. Akavuta mishono, akapitisha kidole gumba ndani ya mifuko, akafungua zipu akafunga. "Kazi ipo," akasema. "Haya, ile niliyokuagiza?"

Nikamtazama mama mkwe. Upepo ukapita dirishani, gauni likasogea kidogo tu, na pale kwenye kifundo cha mguu nikaona mistari miwili ya uzi wa chungwa. Alikuwa ameivaa! Amekaa nayo mbele yangu, siku hiyo, saa hiyo!

Nilipandwa na hasira, sitaki kusema uongo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilichotaka kusema ni, "Muulize huyo." Na yeye akageuka akanitazama. Sijawahi kumwona mama mkwe akiwa na hofu. Alikuwa kama mtoto aliyekamatwa na kijiko kwenye sukari.

"Sijaimaliza," nikamwambia mwenye duka. "Unisamehe."

"Aa." Akakunja miwani. "Basi hizi za wanaume ninazo nyingi, dada yangu. Ile ndiyo niliyoifuata." Akashika mkoba wake akainuka. Mimi nikaanza kukunja jinzi zangu, na machozi yakaanza bila kuniomba ruhusa.

"Kaa," mama mkwe akasema.

Mwenye duka akakaa. Nami nikajikuta nimekaa, ingawa sidhani kama aliniambia mimi.

Akaingia chumbani, kwachu, kwachu, na alipotoka hakuwa na gauni. Alikuwa na blauzi yake nyeupe ya shughuli, ameichomekea. Na jinzi. Lile hema lilikuwa limeondoka, na hapo mbele yetu alikuwa amesimama mwanamke mwenye kiuno, mwenye nyonga, mwenye miguu. Mimi niliyeishona nikapigwa na butwaa. Kitambaa kilikuwa kimeshaanza kumzoea: mikunjo midogo imejichora kwenye magoti, na mapajani rangi imelainika kidogo. Hiyo mikunjo hakuna fundi anayeweza kuishona. Ni mvaaji mwenyewe huitengeneza.

"Inama, Mama," mwenye duka akasema kwa sauti ya chini.

Mama mkwe akainama, akaokota kipande cha uzi sakafuni, akainuka. Kiuno hakikuachia hata nafasi ya kidole.

"Nilitaka kuijaribu tu," akasema, akinitazama mimi. "Niijaribu, niirudishe. Moyo ukakataa. Tangu nizae, kila fundi akinizungushia futi anaguna. Mmoja alimwita mwenzake aje amshikie upande wa pili, wakacheka. Ndipo nikasema sipimwi tena, nivae yale yasiyohitaji kupimwa. Wewe ulinipima lini?"

"Sikukupima, Mama. Nilikuwa nakutazama."

"Na hukuguna."

"Sikuguna," nikasema. Habari ya kucheka nikaimeza, mpaka leo iko tumboni.

Mwenye duka alikuwa anamzunguka kama anayenunua ng'ombe, ila kwa adabu. "Nachukua," akasema. "Zote. Na za kinamama uanze kunishonea kitambaa kikifika, saizi zote. Lakini hii naondoka nayo leo, naiweka dirishani kwangu waione. Ivue, Mama."

"Nivue?"

"Uivue, utashonewa nyingine baadaye."

"Nivue nini?" Mama mkwe akashika kiuno kwa mikono miwili, mtu asije akamrukia. "Hii haivuliwi. Imenizoea, nimeizoea. Mwambie huyu akushonee yako."

"Sasa mama yangu, dirishani niweke nini?"

Mama mkwe akafikiri kidogo. Akainua kidevu.

"Kaniweke mimi. Duka unafungua saa ngapi?"

Mwenye duka akaanza kucheka hadi miwani ikamruka kifuani, na mume wangu akaingia mbio na spana mkononi kuona kuna nini. Akamwona mama yake. Spana ikaanguka. Akanitazama mimi, akatazama cherehani, akakumbuka ahadi yake, akauliza kwa unyonge, "Kwa hiyo, Mama, mashine nizitoe?"

"Zitoke ziende wapi?" Akamtazama kana kwamba ndiye aliyeleta wazo hilo. Kisha akanigeukia mimi. "Ila zisogeze ukutani kidogo, na wewe. Wanawake wa mwili huu wakianza kuja kupimwa, watapita wapi?"