Mwarobaini wa Kiwanjani

Siku ile mjinga alikuwa kinyozi mwenyewe, wala hakuwa na wa kumsingizia. Mkewe, alipokwenda kumuuguza dada yake, alimwachia agizo moja tu: "Fundi mwingine akija, msikilize, mpe chai. Kuamua, unisubiri."

Walikuwa wanatafuta fundi wa kuwajengea nyumba ya matofali ya udongo ulioshindiliwa, yenye tangi la maji ya mvua, nyumba isiyohitaji feni. Miaka yote walikuwa wamepanga chumba chenye bati la chini, ambamo mchana mtu alitoka jasho hata kwa kuwaza.

Fundi wa kwanza alikuwa mwanamama wa maneno machache. Alizunguka kiwanja, akaenda kusimama chini ya mwarobaini uliokuwa katikati.

"Sebule itazame huku," alisema. "Upepo ukipita kwenye majani haya utaingia ndani umeshapoa."

Mke wa kinyozi alisogea karibu. Aliligusa shina tu, kama mtu anayepima homa. Mwarobaini ule ulipandwa na mtoto wao wa pekee. Alipewa mche shuleni, akaubeba ndani ya kopo la rangi huku akipiga nao soga njia nzima, kisha akaufukia pale pamoja na kopo lake lililotobolewa chini, ati usije ukaogopa ugeni. Mti ulishika. Mtoto alikufa kwa homa kabla haujamfika kiunoni.

Fundi wa pili alikuja mke ameshasafiri, na alianzia kinyozini. Wateja walimbatiza Injinia papo hapo, kwa vile viatu vyake havikuwa vimewahi kuonja tope. Alikaa kitini, akafungwa kitambaa shingoni, akatoa simu yenye picha: paneli za umeme wa jua paa zima, mboga zikining'inia ukutani.

"Kaka, hii ndiyo nyumba rafiki wa mazingira. Nilipita kiwanjani kwako jana. Shida ni ule mti. Paneli hula jua, hazili kivuli."

"Mke wangu anaupenda," kinyozi alisema.

"Kwani mwenye nyumba nani, kaka?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Mwacheni bwana, mpaka aombe ruhusa!"

"Huyu ndevu zetu anazikata yeye, zake zinakatwa nyumbani!"

Kinyozi alicheka nao, maana kazi ile bila utani hailiki. Lakini masikio yalimwaka moto. Mashine ikiunguruma mkononi, alisema, "Kata." Tena kwa sauti, wamsikie mpaka wa mlangoni. Usiku alijiliwaza kwamba vichwa vyote alivyowahi kuvinyoa viliota nywele tena.

Mkewe alirudi juma lililofuata, akapitia kiwanjani na mkoba wake begani. Kinyozi alimkuta amechutama ukingoni mwa shimo. Vijana wa Injinia walikuwa wameng'oa hata kisiki. Magogo yalikuwa yameshachukuliwa na wachoma mkaa.

"Mama, pole na safari," alisema.

Mkewe aliendelea kutazama shimoni.

"Jua si unaliona? Sasa linafika kila mahali." Alijaribu kucheka. Kweli jua lilifika kila mahali. Lilimpiga mkewe utosini, likaingia mpaka ndani ya shimo, na pale ndipo naye alipoiona pete ya bati iliyoliwa na kutu, mdomo wa kopo la rangi. Mizizi ilikuwa imepasua kopo zima, ikabakiza hiyo.

Mkewe aliinama akaichukua, akaanza kuifuta udongo kwa upindo wa gauni lake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Nilikosa, mama. Watu walinicheka, nikapandwa na kiburi. Lakini mwarobaini hauchelewi kukua. Kesho asubuhi tutapanda mwingine."

Mkewe aliivaa ile pete ya kutu mkononi kama bangili, akasimama.

"Sawa, baba. Kamwite aliyepanda ule."