Mkalimani wa Bi Binasa

Kiharusi kilimnyang'anya Bi Binasa mkono wa kulia, mguu wa kulia na Kiswahili chote. Mkono na mguu daktari alivieleza vizuri, akaandika dawa na mazoezi. Kiswahili hakukieleza sana. Alisema tu kwamba kwa wazee hutokea hivyo, lugha ya ukubwani ikapotea na ile ya utotoni ikabaki, na kwamba nyumbani wazungumze naye hiyo aliyobaki nayo. Aliyasema hayo akimtazama Shomari, mtoto pekee wa mgonjwa, kama vile anamwagiza panadol.

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo jepesi. Shomari alikuwa na miaka hamsini na mbili, duka la jumla la mabegi Mtaa wa Narung'ombe, stoo mbili, na Kimwera, lugha ya mama yake, hakujua hata cha kuombea maji. Alikijua alipokuwa mtoto. Aliletwa Dar akiwa na miaka mitano, wakapanga chumba Buguruni, na watoto wa Buguruni wakamcheka maneno yake mpaka akakoma. Alipoanza kushika hela, akamkomesha na mama. "Mbele ya wateja ongea Kiswahili, mama. Watatuona washamba wa Kusini." Bi Binasa akakubali, maana aliyesema ndiye aliyekuwa akimlisha. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema, lakini utumwa wa Shomari ulimpandisha kutoka chumba cha Buguruni hadi ghorofa ya tatu Kariakoo, juu ya duka lake mwenyewe, na kwa miaka mingi hakuona hasara iko wapi.

Sasa hasara ilikuwa imelala kitandani, inarudia maneno yale yale siku ya nne. Violeth, mkewe Shomari, mtu wa Moshi, alimlisha uji mama mkwe wake, akamgeuza, akamwitikia "ndiyo mama" kwa kila alilosema. Bi Binasa alimtazama, akaona hajaeleweka, akageukia ukutani.

Shomari aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni radhi. Mama akifa na neno moyoni, nawe ulikuwa umesimama pale pale usilielewe, utakwenda kulijibia wapi? Ndugu wa kwao Ruangwa wangeweza kumsaidia kwa simu, ila hakuwa na namba ya hata mmoja. Aliwakwepa miaka ishirini, kwa kuwa kila aliyekuja alikuja na kiroba cha korosho na shida, na shida ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Akashuka kwa wamachinga waliopanga bidhaa mbele ya duka lake. Wengi wao walitoka Kusini. "Oya, nani hapa anajua Kimwera?"

Wakatazamana. "Bosi, mi wa Tandahimba," alisema Awadhi, muuza soksi za shule. "Kwetu Kimakonde, na chenyewe sikijui."

"Mi Mwera, ila aliyekuwa anakijua ni bibi," akadakia mwingine. "Na bibi alishafariki." Wakacheka wote.

"Anayekijua alikuwa mmoja tu hapa mtaani," Awadhi akaendelea. "Yule Mhindi wa nyuzi. Alikuwa anatusalimia Kimwera kila asubuhi, sisi tunamjibu poa." Kisha ghafla akaanza kupanga soksi zilizokuwa zimeshapangwa, maana alikumbuka anaongea na nani.

Mhindi wa nyuzi ni mzee Praful. Kwa miaka thelathini na minane aliuza nyuzi, vifungo na zipu mlango wa pili kutoka kwa Shomari, na Bi Binasa alikuwa mteja wake, kila siku lazima ashuke kununua uzi. Miaka miwili nyuma Shomari alitaka kutanua duka. Akaenda kwa warithi wa nyumba ile, akawawekea kilemba, ile hela ya kupewa mlango, mara mbili ya kawaida na kodi ya mwaka mzima, na mzee akapewa siku saba. Siku ya saba ilikuwa ya masika, Jangwani pote maji, magari hayapiti. Katoni za Praful zilishinda barazani zinanyeshewa, na rangi za nyuzi zikachuruzika mpaka kwenye mtaro. Shomari alisimama mlangoni kwake akasema biashara ni biashara. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Shomari akainama, akaenda Upanga, ambako mzee alikuwa anaishi sasa kwa mwanawe Utsav.

Aliyefungua mlango ni Madhuben, mke wa Praful. Alimtambua mgeni mara moja. Akaita ndani kwa Kigujarati, maneno marefu makavu, na Shomari hakuambulia hata moja. Hakuambiwa kaa. Chai ya watu wa nyumbani ilikuwa mezani inatoa mvuke, na hakuna aliyemmiminia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Praful alikuwa amekonda. Alisubiri aambiwe.

Shomari akaeleza, huku akitazama marumaru za sakafuni. Alipofika kwenye jina la mama yake, mzee alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. Mkewe akamsemea tena kwa Kigujarati, safari hii kwa ukali, naye akamjibu kwa neno moja akatoka.

Ndani ya bajaji Shomari alishindwa kunyamaza, akamuuliza Kimwera alikipata wapi. "Nachingwea," Praful alisema. "Nilikijua kabla ya Kiswahili. Mama alinichapa ili nijue Kigujarati." Baba yake alinunua karanga na ufuta kwa wakulima. Waingereza walikuja na matrekta yao kulima karanga nchi nzima ile, wakajenga reli, karanga zikawashinda, wakaondoka, na reli ikang'olewa. "Sisi tukabaki. Halafu maduka ya vijijini yakafungwa yawe ya ushirika, ndipo tukaja Dar." Alisema hivyo bila kulalamika. Shomari alisikia ametajwa mahali fulani katika ile orodha ya wafungaji maduka, ingawa hakutajwa.

Juu ghorofani, Shomari aliweka simu yake kwenye stuli, akawasha kinasa sauti. Mtu uliyemwanikia mali kwenye mvua humwamini hivi hivi. Praful aliiona simu. Akavua viatu, akaketi kando ya kitanda, akasalimia kwa Kimwera.

Bi Binasa, aliyekuwa akitazama dari siku zote zile, akageuza shingo. Akamshika mzee kiganja kwa mkono wake uliobaki mzima. Akaongea. Aliongea mpaka pumzi ikakata, akapumzika, akaongea tena, na katikati akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kicheko ambacho mwanawe alikuwa hajakisikia tangu Buguruni. Praful alimjibu, akamnywesha maji kwa kijiko, akajibu tena. Shomari alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake kama mpiga hodi. Wivu ulimshika, na ulikuwa wivu wa aibu, maana hakujua hata wanachekea nini.

Baada ya nusu saa mgonjwa alisinzia.

"Anasemaje?" Shomari aliuliza.

Praful alifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Anasema akifa asizikwe huku. Azikwe kwao Mbekenyera, Ruangwa, ubavuni kwa mama yake. Hilo ndilo alilokuwa anawaambia siku zote hizi."

"Na radhi?"

"Hana kinyongo na wewe."

"Mmeongea nusu saa nzima, mzee. Hayo mengine je?"

"Linalokuhusu wewe ni hilo," Praful alisema, akainama kuvaa viatu. Nauli ya kurudia aliikataa.

Hapo ndipo Shomari alipoingiza akili yake ya dukani mahali isipotakiwa. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, kontena la mabegi liko bandarini, wateja wa Mbeya na wa Lubumbashi wamejaa nyumba za wageni. Kupeleka maiti Ruangwa, kuzika, kukaa matanga, kurudi, ni juma zima limekwenda katika mwezi unaolisha mwaka. Nani angependa Shomari afunge duka Januari? Mtu ambaye duka lake lilifungwa na Shomari. Ningekuwa mimi, aliwaza, ningelipiza hivi hivi, tena kwa sauti ya upole kama ile. Kadiri alivyoliwaza ndivyo lilivyomkaa vizuri. Alimpima mzee kwa moyo wake yeye, akapata jibu la moyo wake yeye.

Bi Binasa alifariki siku ya tatu, alfajiri.

"Yale maneno ya mzee?" Violeth alimuuliza, macho mekundu.

"Yale ni maneno ya Mhindi."

"Ni ya mama yako, Shomari."

"Kwani wewe unajua Kimwera?"

Violeth hakujua Kimwera. Watu wakaambiwa dini yetu inahimiza kuharakisha maziko, jambo ambalo ni la kweli, na la kweli ndilo linalofaa zaidi kumfunika mtu asiyetaka kuonekana. Saa kumi alasiri Bi Binasa alilala makaburi ya Kisutu, katikati ya mji. Kesho yake duka lilifunguliwa nusu mlango.

Violeth ndiye aliyesafisha chumba. Chini ya kitanda alikuta mfuko uliojaa nyuzi za kila rangi, mamia, hakuna hata mmoja ulioguswa. Mama mkwe wake hakuwa na cherehani wala hakuwahi kushona kitu. Kwenye fundo la kanga akakuta kikaratasi chenye namba ya simu. Akapiga. Aliyepokea alikuwa Bi Somoe, mdogo wake marehemu. Violeth alimwambia dada yake amefariki, mtandao ukakatika, na hakupatikana tena.

Bi Somoe aliingia siku ya hitima, vumbi la basi mpaka kwenye kope. Shomari akamwamkia.

"Marahaba, baba," alisema. "Nimekuja kumchukua. Kule vijana wameshachimba."

Ilibidi Violeth ndiye aseme kwamba marehemu ameshazikwa Kisutu. Bi Somoe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Shomari, akasubiri naye aseme lake. Na Shomari, kwa kutafuta pa kujishikiza, akatoa simu.

"Yupo Mhindi mmoja aliyedai mama anataka kuzikwa kwao. Nina ugomvi naye, mama mdogo, alitaka kunikomoa tu. Hebu sikiliza mwenyewe."

Bi Somoe alikaa chini kwenye mkeka, akaweka simu sikioni. Alisikiliza mara mbili. Mara ya pili machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta.

"Anasema, 'Praful, umekuja. Tangu wafunge duka lako sijaongea na mtu. Uzi wote ule niliununua ili nipate kuongea.'" Akaendelea. "Anasema, 'Mwanangu ananiita, simsikii anasema nini. Mwambie asinilaze huku. Nikilala huku hakuna wa kuniitikia. Anipeleke kwa mama.'"

"Ndiyo hayo hayo," Violeth alisema polepole. "Mzee alisema hivyo hivyo."

"Na hapa anasema, 'Alilokutendea mwanangu, nisamehe mimi niliyemzaa.' Yule mzee anamjibu, 'Dada, lile lilishapita. Kunywa maji.'" Bi Somoe akaiweka simu juu ya mkeka, mbali na mguu wake. "Kimwera chake kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Wewe ulisikia nini humu, Shomari?"

Hakumlaani. Angemlaani ingekuwa nafuu, kwa kuwa laana huombewa dua. Aliomba apelekwe Kisutu, akachota udongo wa kaburi, akaufunga kwenye pindo la kanga, na asubuhi akapanda basi la kurudi kuwaambia vijana wafukie shimo.

Shomari alikwenda Upanga siku hiyo hiyo. Njia nzima alipanga maneno. Atasema nilikudhania vibaya. Atasema nisamehe, ya duka na ya mama. Alijiandaa hata kutukanwa, na alitaka atukanwe.

Madhuben alifungua mlango bila kutabasamu. Lakini Praful aliinuka kitini, akaja na mikono miwili.

"Karibu, karibu. Mteja wangu mmoja wa zamani alinipigia akasema mama ametutoka. Nilijua mmeshaondoka naye, ndiyo maana sikuja kukupa pole. Lini mmerudi? Mlifika salama?"

Shomari alifungua mdomo. Msamaha ulikuwa pale pale kooni, umepangwa vizuri. Akaona uso wa mzee ulivyokuwa wazi, uso wa mtu ambaye haukumjia hata mara moja wasiwasi kwamba anaweza asiaminiwe.

"Tulifika salama, mzee."

"Siku hizi lami mpaka Ruangwa, eti."

"Ndiyo. Lami."

"Mvua zimeanza? Karanga wamepanda?"

"Wamepanda."

"Na kaburi la mama yake mlilipata?"

"Tulilipata," Shomari alisema. "Tumemlaza ubavuni."

Praful alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Akamgeukia mkewe, akamweleza kwa Kigujarati, taratibu. Madhuben alimtazama Shomari kwa muda, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki, akamwekea mbele kwa mikono yote miwili.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia kwa Kiswahili. "Umemfanyia mama vizuri."

Mzee akasogeza kiti chake karibu. "Haya, nieleze kulivyo siku hizi," alisema. "Usiache kitu." Na Shomari, ambaye tangu alipobebwa kutoka Mbekenyera akiwa na miaka mitano hajaikanyaga tena, akashika kikombe, akaanza kumweleza.